Kabla Hujakanyaga Hadi Mwisho: Kuitayarisha Injini Uliyoijenga Mwenyewe na Kuipima kwenye Daino

Injini niliyoijenga kwa mikono yangu ni 4A-GE ya Toyota, lita 1.6, valvu 16. Niliweka pistoni za kufikisha kompresheni 11 kwa 1, kemshafti zinazoacha valvu wazi kwa muda mrefu zaidi, throto (milango ya hewa) nne mahali pa moja, na kompyuta ya injini ambayo majedwali yake unayaandika wewe. Kazi hiyo ilikula jioni zangu kwa miezi minane. Nilipoipeleka kwenye daino, mashine ya kupima nguvu ya injini gari likizungusha rola, mara ya kwanza, fundi wa pale hakuniuliza habari za kemshafti wala pistoni. Alinisalimu, akainama mbele ya gari, akauliza, "Ndugu, hii alama ya kwenye puli umeihakikisha?"

"Ni ile iliyotoka nayo kiwandani, fundi."

"Sikuulizi imetoka wapi. Umeihakikisha?"

Sikuwa nimeihakikisha. Tulipoipima ilikuwa imehama digrii 6. Puli ya aina hii ni vyuma viwili vilivyoshikanishwa kwa mpira ili kumeza mtetemo wa krenki. Mpira ukizeeka, pete ya nje huteleza na alama inaondoka nayo. Taa yangu ya taimingi, inayomulika alama hiyo cheche inaporuka, ilikuwa ikinionyesha digrii 10 kabla ya kilele (pistoni kufika juu kabisa), kumbe cheche inaruka digrii 16. Kila namba niliyoiandika kwenye jedwali la moto (wakati wa cheche kuruka) ilikuwa imewahi kwa digrii 6 kuliko nilivyoamini, na kwa kompresheni ile ningeweza kutoboa pistoni kabla ya jua kuzama. Fundi hakulifunga gari kwenye rola. Alinirudisha nyumbani, na ninamshukuru mpaka leo.

Kwa hiyo maelekezo haya yanaanzia nyumbani, maana hapo ndipo palipo na kazi kubwa.

Kilele cha kweli cha pistoni namba moja

Toa plagi zote nne ili krenki izunguke kwa urahisi. Chukua plagi chakavu, toa kaure yake, uichomekee bolti yenye ncha ya mviringo iliyochomoza kiasi cha kuizuia pistoni kabla haijafika juu. Ifunge kwenye tundu la silinda ya kwanza. Sasa zungusha krenki taratibu kwa spana, kwa mkono na kamwe si kwa stata, mpaka pistoni iguse bolti. Weka alama kwenye puli mkabala na mshale wa kwenye kava. Zungusha upande wa pili mpaka iguse tena, weka alama ya pili. Kilele ni katikati kabisa ya alama hizo mbili. Pima kwa mkanda unaopinda na mviringo wa puli, usikadirie kwa jicho. Kama alama ya zamani haiangukii hapo, ifute kabisa na uchore mpya. Puli iliyoteleza usiirudishe kazini. Tafuta nyingine nzima.

Baadaye, injini ikiwaka, ifungie kompyuta yako taimingi isiyobadilika, tuseme digrii 10, kisha mulika kwa taa. Alama ikisoma 10 injini ikiwa silensa (ikizunguka yenyewe bila kukanyagwa), usiridhike. Pandisha mpaka mizunguko 4,000 na uangalie tena. Ikiwa alama inatambaa kadiri mizunguko inavyopanda, mara nyingi waya mbili za sensa ya krenki zimegeuzwa, au kompyuta haijaelezwa sawasawa isome upande gani wa mawimbi ya sensa hiyo. Kosa hili huwa halionekani injini ikiwa silensa, linakusubiri juu, kwenye mizunguko 7,000.

Ringi zikae kwanza

Injini mpya haiendi kwenye daino kupimwa nguvu kabla ringi hazijakaa. Kabla ya kuiwasha mara ya kwanza mimi huzima nozeli (vinyunyizi vya petroli) na moto, hutoa plagi, kisha hupiga stata kwa vipindi vifupi mpaka geji ya oili ipande. Beringi zisizunguke kavu hata sekunde moja.

Ikishawaka, usiiache ikinguruma silensa nusu saa kwa huruma. Ringi hukaa kwa sababu shinikizo la gesi linazisukuma zishike ukuta wa silinda, na shinikizo hilo halipatikani bila mzigo. Tumia oili ya kawaida ya madini, iache injini ipate moto vizuri, kisha endesha kwa mzigo wa kadiri: ongeza kasi mpaka mizunguko 4,000, achia mafuta kabisa ili gari lijivute kwa injini, rudia. Baada ya dakika 20 au 30 za mwanzo mwaga oili, kata filta na ulifungue karatasi lake kwenye mwanga. Vumbi laini linalong'aa ni la kawaida mara ya kwanza. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si vya kawaida. Pitisha sumaku: kinachonata ni chuma, labda cha ringi au cha kemshafti, kisichonata kinaweza kuwa cha beringi au pistoni, nacho ndicho kinachoninyima usingizi.

Siku chache kabla ya daino, pima uvujaji wa silinda kwa hewa ya kompresa injini ikiwa ya moto. Yangu ilivuja kati ya asilimia 4 na 7 kwenye silinda zote. Ikizidi 15 mahali popote, sikiliza hewa inatokea wapi. Kwenye throto, ni valvu ya kuingiza; kwenye egzosi, ni valvu ya kutoa; kwenye mfuniko wa oili, ni ringi; na mapovu kwenye rejeta yanakuambia gasketi ya hedi. Heri kulijua hilo ukiwa na spana zako karibu.

Nozeli zitoshe, na kompyuta izijue

Hesabu hii ifanye kabla ya kununua chochote. Injini isiyo na turbo, ikikanyagwa hadi mwisho, hunywa takriban sentimita za ujazo 5.25 za petroli kwa dakika kwa kila nguvu ya farasi. Yenye turbo hunywa zaidi, kama 6.3, kwa sababu sehemu ya petroli inatumika kupoza moto ndani ya silinda. Mimi nilitarajia farasi 160 kwenye flaiwili, yaani kabla ya gia na matairi. Mara 5.25 ni 840. Gawa kwa nozeli nne, ni 210. Lakini nozeli haifai kuachwa wazi zaidi ya asilimia 85 ya muda wake, kwa hiyo gawa kwa 0.85, unapata 247. Nikachukua za 270.

Namba hiyo ya 270 inahusu shinikizo la petroli la ba 3. Ukilipandisha liwe ba 4 haiongezeki kwa theluthi. Inafuata kipeuo cha pili, yaani zidisha kwa 1.155, inakuwa kama 312. Usipoiambia kompyuta, kila kisanduku cha jedwali la mafuta kitakuwa kinasahihisha kosa lako hilo. Vilevile ipe kompyuta muda mfu wa nozeli: kipindi kati ya umeme kufika na sindano kufunguka, karibu milisekunde moja, ambacho hurefuka volti za betri zikishuka. Ukikosea muda huu, gari litatulia vizuri mchana, kisha usiku ukiwasha taa kubwa na feni, silensa inaanza kuyumba. Watu huhangaika na jedwali zima wakati kosa ni namba moja.

Sensa nyingine zipime kwa akili ya kawaida. Injini ikiwa imezimwa, sensa ya shinikizo la manifoldi (njia ya kuingizia hewa) isome shinikizo la hewa ya mahali ulipo, karibu kPa 100 usawa wa bahari. Sensa ya maji na ya hewa, injini ikiwa imelala usiku kucha, zisome joto moja. Throto isome 0 ikiwa imefungwa na 100 ikikanyagwa kwa mguu kutoka kwenye kiti, maana ukiisukuma kwa mkono kule mbele hutajua kama kebo imelegea.

Sensa ya lamda (kipimo cha hewa kwa petroli: chini ya 1 petroli imezidi, juu ya 1 imepungua) iwe ile ya wigo mpana, kama Bosch LSU 4.9. Ile ya kawaida ya volti 0 hadi 1 inaweza kukuambia tu kwamba petroli imepita au imepungua kwenye lamda 1. Ukikanyaga hadi mwisho haina msaada. Ifunge juu ya bomba, si chini, ili maji ya asubuhi yasiitumbukie. Na ukague egzosi yote iliyo kati ya injini na sensa kama inavuja. Tundu dogo huvuta hewa ya nje, sensa inasoma petroli imepungua, nawe unamwaga petroli kwenye injini isiyoihitaji. Silinda inayomisi nayo hudanganya vivyo hivyo: oksijeni isiyoungua inatoka nzima na sensa inalalamika ukame, wakati petroli ipo tele.

Siku ya daino

Nenda na tangi lililojaa petroli ileile utakayoitumia kila siku. Beba plagi mpya za aina ileile, oili, kulanti, na nakala ya majedwali yako. Pampu matairi shinikizo uliloliandika, kwa sababu utalihitaji siku ukirudi kulinganisha. Toa mawe madogo kwenye kashata za tairi. Yanaruka kama risasi, na mtu yeyote asisimame nyuma wala ubavuni mwa rola. Egzosi iwe inavutwa nje. Monoksidi ya kaboni haina harufu, na mkimbio mmoja unaitoa nyingi.

Nililokubaliana na fundi kabla ya kuwasha: yeye anaangalia rola, mizunguko na lamda, mimi naangalia oili na joto la maji. Yeyote akisema "acha", mguu unatoka, hakuna kuuliza kwa nini. Shinikizo langu la oili nililiwekea mpaka wa ba 4 kuanzia mizunguko 6,000 kwenda juu, chini ya hapo tunaacha.

Gia itumike ile iliyo karibu zaidi na uwiano wa 1 kwa 1, ambayo kwa gari langu ni ya nne. Subiri oili ifike angalau digrii 80 za Selsiasi, si maji tu. Maji hupata moto mapema na kukudanganya kwamba injini iko tayari.

Daino zenye breki, ya umeme au ya maji, zinaweza kuishikilia injini kwenye mizunguko mimoja muda unaotaka. William Froude alitengeneza breki ya maji mwaka 1877 kwa ajili ya injini za meli, na wazo lake bado linafanya kazi kwenye vyumba vya kupimia injini leo. Daino za rola nzito tupu hazishikilii. Zinapima jinsi rola inavyoongeza kasi na kukokotoa torki (nguvu ya kuzungusha) kutoka hapo. Kama una hiari, kwa injini mpya chagua yenye breki. Sehemu kubwa ya jedwali la mafuta ni pale unapoendesha kwa nusu throto, na hapo huwezi kupajua kwa kukimbiza tu kutoka chini hadi juu.

Anza na mafuta, moto uuache nyuma, yaani uchelewe kidogo kuliko unavyodhani unafaa. Shikilia mizunguko 2,000, kisha 2,500, kisha 3,000, throto kidogo kidogo, na usahihishe kisanduku kimoja kimoja. Kanuni ni moja: zidisha namba ya kisanduku kwa lamda uliyoipata, gawa kwa lamda unayoitaka. Kisanduku changu kimoja kilikuwa na 78, nilitaka 0.88, sensa ikasoma 0.95. Hesabu: 78 mara 0.95, gawa kwa 0.88, ni 84. Mara mbili tu za kurudia, kisanduku kimetulia. Ikiwa unaona namba jirani zinaruka ruka, moja 70, ya pili 91, ya tatu 74, usizikubali. Silinda haijazi hewa namna hiyo. Rudi ukatafute kosa kwenye sensa, kwenye uvujaji, au kwenye throto nne zisizofunguka sawa.

Kwa kukanyaga hadi mwisho bila turbo, ninalenga lamda 0.87 hadi 0.88, karibu sehemu 13 za hewa kwa 1 ya petroli. Kwa turbo watu hushuka mpaka 0.78 au 0.82. Mkimbio wa kwanza usifike juu. Kanyaga kutoka 2,500, achia kwenye 4,500, soma. Kisha 5,500. Kisha 6,500. Jedwali la juu ni makisio mpaka ulipime, na makisio mabaya ya petroli kwenye mizunguko 7,000 huyeyusha vitu kwa sekunde.

Moto

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi, na hapa ndipo injini nyingi hufia.

Cheche inaruka kabla ya kilele kwa sababu moto unahitaji muda wa kuenea. Injini hutoa torki nyingi zaidi pale shinikizo la juu kabisa linapofika digrii 14 hadi 16 hivi baada ya kilele. Ukiuwahisha moto kupita hapo, shinikizo linapanda pistoni ingali inakuja juu, na unaipiga injini ngumi usoni. Ukiwahisha zaidi, gesi iliyobaki pembeni inajilipukia yenyewe: ndiyo kugonga.

Njia ni kushikilia mizunguko mimoja, throto wazi kabisa, na kuongeza digrii 2 kwa wakati, jambo jingine lolote likiwa halijaguswa. Haya ndiyo tuliyoyaona kwangu kwenye 5,500, kwa torki ya magurudumu: digrii 22, Nm 138. Digrii 24, Nm 142. Digrii 26, Nm 144. Digrii 28, Nm 144.

Nilipoona 28 haikuongeza kitu, moyo wangu ulitaka kujaribu 30. Fundi akaweka mkono wake juu ya kibodi. "Injini imeshakujibu, ndugu. Mbili za mwisho zimekuletea joto tu." Tukarudi 26, kisha tukaandika 25. Torki kwenye 25 haikutofautiana na ya 26 kwa kitu cha kuonekana, na ile digrii moja nimeihifadhi kwa siku ya joto kali au petroli dhaifu. Pia nimeiagiza kompyuta icheleweshe moto hewa inayoingia ikizidi digrii 40 za Selsiasi.

Si kila injini hufika hapo ilipotulia torki. Kompresheni ikiwa kubwa na oktani ndogo, itaanza kugonga torki ikiwa bado inapanda. Basi mpaka wako ni kugonga, si torki, na urudi nyuma digrii 2 au 3 kutoka hapo. Kusikia kunahitaji kifaa. Sisi tulitumia bomba la shaba lililobondwa ncha, likafungwa kwenye bolti ya bloku, mpira ukaletwa mpaka kwenye viziba masikio vya fundi. Kugonga hulia kama changarawe zinazotupwa kwenye sufuria. Ukitumia sensa, iambie isikilize sauti inayolingana na kipenyo cha silinda: gawa 1,800 kwa 3.14, kisha gawa kwa kipenyo kwa milimita. Silinda ya 4A-GE ni milimita 81, kwa hiyo sikiliza karibu kHz 7.

Baada ya kila mikimbio mitatu au minne, zima injini palepale ulipoachia mafuta, toa plagi, uzitazame kwa lenzi. Madoa meusi kama pilipili manga kwenye kaure, au vishanga vidogo vya alumini vinavyong'aa, ni pistoni yako inayohama kidogo kidogo. Acha kazi siku hiyo. Waya wa ardhi ukiwa umeungua rangi mpaka chini kabisa kwenye shina lake, plagi ina joto kupita kiasi. Kumbuka NGK huhesabu namba kubwa kuwa plagi ya baridi zaidi, Bosch huhesabu kinyume. Nimeona mtu akiagiza kwa makosa hivyo.

Kusoma karatasi

Kinachopimwa ni torki. Farasi ni hesabu. Zidisha torki ya Nm kwa mizunguko, gawa kwa 9,549, unapata kW. Yangu kwenye 7,200 ilikuwa Nm 130, sawa na kW 98, au farasi 131 kwenye magurudumu. Watu waliniuliza ni ngapi kwenye flaiwili. Sikuongeza asilimia yoyote, kwa sababu gia, difu na matairi vinakula kiasi kinachotofautiana gari na gari, na kuongeza namba ya kudhani juu ya namba uliyoipima ni kuiharibu.

Angalia karatasi imesahihishwa kwa hali ya hewa kwa kiwango gani. SAE J1349 na ile ya zamani J607 hutofautiana kwa karibu asilimia 4 kwa injini ileile, siku ileile. Chagua moja usiihame. Na omba karatasi isiyolainishwa mno: mistari iliyolainishwa hupendeza, lakini mtikisiko mdogo kwenye 6,800 unaweza kuwa springi za valvu zinazoshindwa, na hilo nalitaka nilione.

Yaliyobaki ni barabarani

Daino haikufundishi kuwasha injini asubuhi ya baridi, wala jinsi inavyopokea mguu ghafla kwenye gia ya pili. Throto zangu nne zilihitaji wiki tatu za kurekodi na kusahihisha petroli ya nyongeza pale mguu unaposhuka haraka. Mwanzoni gari lilikuwa likikohoa, baadaye likatulia. Fanya hivyo kwa namba ndogo ndogo, jambo moja kwa siku.

Baada ya kilomita 500 nilimwaga oili tena, nikakata filta, nikapima mwanya wa valvu na uvujaji wa silinda. Asilimia 4, 5, 4, 6. Faili la majedwali lina jina la tarehe na lipo kwenye kompyuta mbili tofauti, na plagi za siku ile ya daino ziko kwenye kopo, kila moja imeandikwa silinda yake.